Mwaka Nilipofunga Nyaya za Ndege

Mtoto wa kwanza wa marehemu Elisha alisoma wasifu wa baba yake kwa sauti nzuri, sauti ya mtu aliyezoea kusimama mbele ya watu. Nami nilikuwa nimeketi safu ya tatu chini ya turubai, kule Boko, kwenye kiti cha plastiki ambacho mjukuu wangu Rehema alikuwa amekifuta vumbi jeupe kwa upindo wa mtandio wake. Alisoma mahali alipozaliwa baba yake, shule alizopitia, kanisa alilofungia ndoa na vyeo alivyopanda. Kisha akafika pale aliposema kwamba marehemu, alipokuwa fundi kijana wa umeme wa ndege, raia aliyeajiriwa jeshini, ndiye aliyebuni utaratibu wa uzi mwekundu: kila waya uliotiliwa shaka hufungwa uzi huo, na hakuna kifuniko kinachorudishwa mpaka uzi uonekane na uandikwe daftarini. Akasema utaratibu huo uliwalinda marubani kwa miaka mingi. Watu waliguna kwa heshima. Mama mmoja mbele yangu akamwambia mwenzake, "Kumbe mzee alikuwa na akili hivyo, na alivyokuwa mkimya." Mimi sikuguna. Niliitazama mikono yangu, ambayo sasa haiwezi hata kutia uzi kwenye tundu la sindano, nikaiweka chini ya kanga.

Baada ya mazishi yule mtoto wa marehemu alikuja mpaka nilipokaa, akainama. "Shikamoo, bibi." Nikaitikia marahaba. "Nimeambiwa wewe ndiye Bibi Zena wa kazini kwa baba. Alikuwa akikutaja. Alisema palikuwa na mama mmoja mfagizi, msafi sana, mwenye heshima zake." Nikamjibu, "Ni kweli, nilifagia." Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniomba nisiondoke kabla ya kula. Nikamwambia Rehema tuondoke. Rehema akasema, "Bibi, wali ndio kwanza unapakuliwa." Nikamwambia tutakula kwetu.

Sikupelekwa shule, na haya anayaandika Rehema kama ninavyoyatamka. Nimemkataza kuyapamba. Sielezi kuzaliwa kwangu wala wazazi wangu, kwa kuwa hao hawamo katika jambo hili. Ninaeleza mwaka mmoja tu, mwaka nilipokuwa fundi wa umeme wa ndege bila mtu yeyote kuniandika kuwa ni fundi. Kambi siitaji. Waliokuwapo ambao wangali hai wanajijua.

Ulikuwa mwaka wa foleni. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni, na unga tuliokula ulikuwa ule wa njano tuliouita yanga, ambao ugali wake ukipoa uligawanyika kama udongo. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja Tandika, nyumba ya vyumba sita na ua mmoja, nikiwa na kitanda cha kamba, jiko la mkaa, na mzigo wa miyaa kwenye kona, kwa kuwa nilisuka mikeka tangu nilipoweza kukaa. Nilipata kazi ya kufagia katika karakana ya ndege za jeshi. Kila asubuhi nilikata njia kwa miguu kupitia Yombo, viatu mkononi wakati wa mvua, na kufika kabla askari hawajapanga mstari. Banda la ndege lilikuwa pana kuliko msikiti wowote niliowahi kuuona, na bati lake lilipiga kelele jua linapopanda. Lilinuka mafuta, mpira na jasho. Katika kona yake ya mashariki palikuwa na chumba cha umeme, chenye meza ndefu iliyotandikwa mpira mweusi, rafu za mabunda ya waya, dirisha moja la wavu, na feni iliyokuwa imekufa. Askari walikuwa na mzaha wao juu ya feni ile. Walisema imekosa fundi wa umeme.

Fundi wa chumba kile alikuwa Elisha, kijana mrefu wa kutoka nyanda za juu kusini, mwenye cheti cha chuo cha ufundi na sauti ya upole ambayo hata nilipomchukia baadaye sikuweza kuisikia kwa ubaya. Alikuwa raia kama mimi. Wengine karibu wote walikuwa askari, nao walituita "nyie raia" kama mtu anavyotaja ugonjwa wa jirani. Mkuu wa karakana alikuwa Kapteni mmoja mfupi, msafi, asiyecheka, ambaye alitazama saa yake hata alipokuwa amesimama peke yake.

Nyaya za ndege hazitambai ovyo. Hupita ndani ya mwili wa ndege kwa mafungu, na kila fungu hufungwa kwa uzi wa nta kila baada ya vidole vitatu, ili ndege inapotetemeka waya usicheze ukajikwaruza kwenye chuma. Elisha alijua kila waya unatoka wapi na unakwenda wapi, lakini mafundo yake yalilegea. Siku moja nilikuwa nikifagia chini ya meza yake, nikaona fungu alilolihangaikia tangu asubuhi limefumuka. Nikamwambia, "Kaka, hilo halishiki. Unafunga kama mtu anayefunga mbuzi." Askari wawili waliokuwa mlangoni wakacheka. Elisha hakukasirika. Alisema, "Haya, funga wewe, dada." Nikaweka ufagio, nikakaa sakafuni, nikalibana fungu kwa vidole vya mguu kama ninavyobana ukili ninaposuka, nikafunga kutoka mwanzo mpaka mwisho. Wale askari walicheka zaidi kwa sababu ya ule mguu. Kapteni akaja kuona kinachochekwa. Alilichukua fungu, akalipinda, akalitikisa kwa nguvu kama mtu anayemwadhibu mtu, nalo halikucheza. "Nani kafunga hili?" Mmoja akajibu, "Mfagizi, afande." Kapteni akatazama saa. "Basi mfagizi atafunga na mengine."

Hivyo ndivyo nilivyoingia. Saa mbili za kwanza nilifagia, na saa zilizobaki nilikaa chumba cha umeme. Elisha alinifundisha, na hilo siwezi kulificha hata leo. Alinifundisha kumenya waya bila kuujeruhi, kulehemu kwa risasi iliyoyeyushwa bila kuunguza kilicho jirani, na kupima kwa betri, balbu ndogo na vipande viwili vya waya. Ukigusa ncha hii na ncha ile, waya mzima huwasha balbu. Waya uliokatika ndani hauwashi, hata uwe mzuri kiasi gani kwa nje. Niliipenda kazi ile kwa sababu hiyo. Balbu haikuniuliza nimesoma wapi. Niliingia ndani ya mabawa ambamo wanaume wenye mabega hawakuweza kuingia, nikalala chali, nikafuata waya kwa vidole kutoka puani mwa ndege mpaka mkiani, na baada ya miezi mitatu niliweza kusema kwa kugusa tu kwamba hapa waya umepashwa moto kupita kiasi, na hapa umewahi kulowa.

Kila waya ulikuwa umepigwa herufi na tarakimu ndogo, nami sikuweza kuzisoma. Kwa hiyo nikajiwekea njia yangu. Fungu la taa nililimalizia kwa fundo moja, la redio mafundo mawili, la pampu za mafuta fundo la kurudia, lenye mkia mfupi kwa bawa la kushoto na mrefu kwa la kulia, na mengine vivyo hivyo, kila fungu na mwisho wake. Elisha alifuata herufi na mimi nikafuata mafundo, na tukakutana mahali pamoja. Tatizo lilikuwa pale nilipoona waya mbaya naye hayupo, kwa sababu daftari la hitilafu lilikuwa lake na mimi sikuweza kuandika neno ndani yake. Ndipo nilipoleta kutoka nyumbani uzi mwekundu wa kufumia vitambaa vya viti. Nikamwambia, "Kaka Elisha, ukiona huu kwenye waya, ujue nimeutilia shaka. Usirudishe kifuniko mpaka uuangalie na uandike." Alicheka. "Dada Zena, umeanzisha sheria yako." Nikamwambia, "Sheria ni yako wewe unayeandika. Mimi ninafunga tu." Tulifanya hivyo kwa miezi, na hakuna uzi hata mmoja alioupuuza. Yeye huusoma waya, huuandika, Kapteni huisimamisha ndege, waya hubadilishwa, nami huukata uzi na kuuweka mfukoni.

Kapteni aliyaona hayo, au nilidhani anayaona. Siku moja alisimama mlangoni akasema, "Mwisho wa mwaka orodha ya mafundi raia inapelekwa makao makuu. Nitaingiza jina lako. Fundi umeme wa ndege." Alisema kama anayetaja idadi ya misumari, akaondoka. Mimi nililichukua neno lile nikalala nalo. Sikutaka kingine mwaka ule. Nilitaka jina langu liwe kwenye orodha ile, mbele yake neno fundi, lipigwe muhuri, na mtu akiniuliza ninafanya kazi gani nijibu bila kuanza na ufagio.

Mchana tulikula kantini. Ugali wa yanga, maharage, na mchicha kama Mama Pili, mpishi, ameupata. Mama Pili alikuwa mwanamke mnene wa Mbagala, asiyemwogopa mwenye cheo. Kila Jumatatu na Alhamisi, baada ya vyombo kuondolewa, meza zile ziligeuzwa darasa la kisomo cha watu wazima, naye alikaa mbele kabisa na unga bado mikononi. Elisha alinisihi niende. "Nusu saa tu, dada Zena." Nikamjibu, "Na bawa la kulia nani atalimaliza?" "Bawa litasubiri." "Mie nyaya hazijanidai herufi." Mama Pili alinisikia, akasema kutoka jikoni, "Mwenzangu, mie jina langu nimeshaliandika. Limekaa kama kuku kaparua, lakini langu." Watu wakacheka na mimi nikacheka. Sikwenda. Nilikuwa na kiburi cha mtu aliyeonyeshwa kwamba anaweza bila kitu fulani, na kiburi hicho ni kibaya kuliko ujinga, kwa sababu mjinga hutafuta. Elisha alinisihi mara tatu au nne, kisha akaacha. Nimejiuliza baadaye kama aliacha kwa kuchoka au kwa kuona faida. Sipendi kumsingizia maiti. Lakini nimejiuliza.

Alhamisi moja iliandaliwa safari ya ugeni wa wakubwa kwenda bara. Ndege ilikuwa ya mizigo, yenye injini mbili, na viti viliwekwa kwa ajili ya wageni. Tuliamriwa kuikagua tangu alfajiri. Nilikuwa nimelala chini ya dashibodi katika chumba cha rubani, nikifuata fungu la umeme mkubwa, nikahisi kitu. Waya mmoja mnene ulikuwa umeegemea ukingo wa chuma, na ganda lake lilikuwa limelika. Kidole changu kiligusa shaba. Nilifunga uzi mwekundu, nikauacha mkia mrefu uning'inie nje ya kifuniko ili hata kipofu auone. Kisha nikashuka kumtafuta Elisha. Sikumfikia. Sajini mmoja alinikuta kwenye ngazi akasema, "Wewe, acha hivyo. Wageni wanafika, kule mbele kumejaa majani. Chukua ufagio." Nikamwambia, "Afande, kuna waya nataka kumwonyesha fundi Elisha." Akasema, "Fundi Elisha ana macho. Nenda."

Nilikwenda. Hapo ndipo kosa langu lilipo, na sitalificha. Nilifagia njia ya wageni huku nikijiambia kwamba Elisha ataingia mle ndani kufunga vifuniko na ataona uzi, kwa kuwa hakuna siku aliyokosa kuuona. Niliposikia injini zinawaka nilisimama, nikatazama, nikasema moyoni, basi wameubadilisha. Nikaendelea kufagia. Niliuamini uzi kana kwamba unaweza kusema wenyewe.

Haikupita nusu saa ndege ikarudi. Ilirudi chini chini, na madirisha ya mbele yalikuwa meusi. Rubani aliishusha salama, wageni walitoka wakikohoa, mmoja bila kiatu. Aliyechelewa kutoka ni fundi wa safari, koplo aitwaye Shabani, kijana mpole wa Kigamboni aliyekuwa akinitania kwamba nitaisuka ndege nzima iwe mkeka. Alikuwa amekivuta kifuniko cha dashibodi kwa mikono mitupu ili auzime moto. Alipopita mbele yangu wamemshika, alikuwa ameinua mikono kama mtu anayeomba dua, na ngozi ya viganja ilikuwa imemtoka. Mama Pili alivua kanga yake ya juu akaitia maji, wakamfunga.

Asubuhi iliyofuata nilifagia kama kawaida. Mahali ndege ilipokuwa imesimama kabla ya safari, karibu na alama za matairi, kwenye vumbi langu mwenyewe, nikauona uzi mwekundu. Fundo lilikuwa zima. Mkia ulikuwa mrefu kama nilivyouacha. Ulikuwa umekatwa kwa koleo, mkato mmoja safi, kwenye kitanzi, upande ulio mbali na fundo. Mimi hukata karibu na fundo, daima. Niliuchukua nikaufunga kwenye ncha ya kanga.

Tuliitwa kuhojiwa Jumatatu. Kilikuwa chumba cha ofisi chenye meza iliyofunikwa kitambaa cha kijani, jagi la maji, na maofisa watatu nisiowafahamu. Kapteni aliketi pembeni. Elisha alisimama upande wa pili wa meza, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Ofisa wa katikati alilifungua daftari la hitilafu, akaligeuza kunielekea, kisha akakumbuka, akaligeuza kwake tena. Akaniuliza, "Unasema uliona waya umelika. Imeandikwa wapi?"

"Haikuandikwa, afande. Mimi ninafunga uzi, yeye huandika."

"Uzi gani?"

Nikaufungua kwenye kanga, nikauweka juu ya kitambaa cha kijani. Waliutazama. Ofisa wa kushoto akaugusa kwa ncha ya kalamu. "Huu ni uzi. Unaweza kuwa umetoka popote."

"Umekatwa kwa koleo, afande. Tazameni fundo. Fundo ni langu."

"Fundo lina jina lako?"

Wakamgeukia Elisha. "Fundi, wewe ndiye uliyefunga kifuniko. Uliona uzi?" Elisha aliutazama uzi muda mrefu, kisha akatazama ukuta uliokuwa nyuma yangu. Akasema kwa ile sauti yake ya upole, "Sikuona uzi wowote, afande." Kapteni aliulizwa kama alijua kwamba mfagizi anapima umeme. Alisema alidhani ninasaidia kufunga mafungu tu, kazi ya mikono, na kwamba hakuwahi kuniruhusu kupima. Ofisa wa katikati akaniuliza swali la mwisho, tena kwa upole, kama anayemsaidia mtu mzima kuvuka mfereji. "Mama, unajua kusoma?" Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Hakuna aliyekuwa amewahi kuniita mama kazini. Nikasema sijui. Akaandika kitu kirefu kuliko jibu langu.

Walichoamua nilisomewa na karani siku ya nne. Mfagizi asiye na elimu aliachwa aguse mfumo wa umeme wa ndege, na uzembe umetokea hapo. Elisha alipewa onyo kwa kutonisimamia. Mimi sikufukuzwa. Ingekuwa nafuu. Nilirudishwa kwenye ufagio, katika banda lile lile, na mlango wa chumba cha umeme ukabandikwa karatasi ambayo Mama Pili aliniambia inasema mafundi peke yao.

Jumapili alasiri Elisha alikuja Tandika. Nilikuwa uani nasuka. Majirani walimkaribisha kabla yangu, wakampa kigoda, wakasema, "Karibu, kaka, dada yako yupo." Alikuwa na kilo ya sukari kwenye karatasi, na mwaka ule kilo ya sukari ilikuwa kitu cha kumpelekea mkwe. Aliiweka chini katikati yetu. Sikuipokea wala sikuirudisha. Nikaendelea kusuka mpaka akaanza mwenyewe.

"Dada Zena, niliuona."

"Najua uliuona."

"Kapteni alikuwa amesimama nyuma yangu anatazama saa. Wageni wamefika. Akaniuliza, tayari? Nikasema tayari. Nikaukata uzi, nikajiambia wakirudi tu naubadilisha waya. Safari moja tu."

"Hilo la saa nimelielewa. La kwenye meza ya kijani je?"

Akasema, "Wangenifukuza. Nina watoto wawili na wa tatu yuko njiani. Na kama ningefukuzwa mie, nani angekurudisha wewe mezani? Acha itulie. Ikitulia nitasema."

"Lini?"

"Ikitulia."

"Shabani umekwenda kumwona?"

Alisema, "Dada, nimekuja kwako kama ndugu." Nikamwambia, "Ndugu hukana akiwa mbali. Wewe umenikana nakuona." Alisimama, akaaga kila mtu uani, mmoja mmoja, kwa adabu zote. Sukari ilibaki. Nikamwambia mwenye nyumba awagawie wapangaji, kila mmoja kikombe, na chumba changu akiruke.

Kwa miezi kadhaa nilingoja itulie. Nilimpita Elisha na ufagio wangu mara kumi kwa siku, naye aliinua miguu nipitishe, akisema asante. Askari walikuwa wameacha kucheka, na hilo lilikuwa zito zaidi. Mwisho wa mwaka orodha ya mafundi raia ikabandikwa kwenye ubao wa kantini. Niliomba Mama Pili anisomee. Alisogea karibu, akaweka kidole, akatamka jina moja moja kwa shida kama anayetoa mawe kwenye mchele. Jina la Elisha lilikuwa la pili, fundi mkuu msaidizi. Mama Pili akasoma mpaka chini, akarudi juu, akasoma tena. Mara ya tatu nikamwambia inatosha. Akasema, "Labda mie ndio sijui kusoma vizuri." Nikamwambia, "Unajua, Mama Pili. Unajua vizuri sana." Akanipa ugali na kipande cha samaki ambacho hakikuwa cha mtu wa cheo changu. Nilikula kwa sababu nilikuwa na njaa.

Siku chache baada ya orodha, Elisha alinijia nikiwa nafagia upande wa nyuma wa banda, penye ile ndege iliyoungua. Walikuwa wameitengeneza kwa muda mrefu na sasa walikuwa wanairudishia umeme. Alikuwa na daftari jipya kwapani. Nilimwona anazunguka mara mbili kabla ya kusogea.

"Dada Zena, nisamehe nakusumbua. Moto umefuta herufi kwenye nyaya za mbele. Yamebaki mafundo yako. Hili la kurudia lenye mkia mfupi ni la nini?"

Nilisimama na ufagio wangu. Ninakiri nilijisikia vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Nilijua kila fundo katika ndege ile, na yeye, fundi mkuu msaidizi, hakujua hata moja. Ningeweza kusema, "Kwani mie fundi? Mlango wenu umeandikwa." Angelazimika kuifumua ndege yote na kupima waya kwa waya, kazi ya miezi miwili, na Kapteni angetazama saa yake. Au, na hili nilikuwa nimekwisha kulijifunza juu yake, asingeifumua. Angekisia, na kufunga kifuniko.

Nikamuuliza, "Inaruka lini?"

"Jumamosi. Majaribio."

"Nani wanapanda?"

"Rubani na msaidizi wake, mafundi wanne. Na Shabani. Ameomba mwenyewe. Vidole bado havikunjiki vizuri, lakini ameomba."

Nikaegemeza ufagio ukutani. Nikamwambia fundo lile ni la pampu za mafuta, bawa la kushoto, na asilichanganye na lenye mkia mrefu ambalo ni la kulia. Nikaanza puani mwa ndege nikaenda naye mpaka mkiani, fungu kwa fungu. Alisema, "Polepole, dada, naandika," nami nikaenda polepole. Palipohitaji kuguswa niligusa, ingawa sikuruhusiwa. Mwishoni akasema bila kuniangalia, "Na ule uzi mwekundu?" Nikamwambia, "Andika kwamba anayeuona hafungi kifuniko, hata asimame nani nyuma yake." Aliandika hilo pia. Kalamu yake haikusita. Alifunga daftari, akanishukuru, akaenda zake, na mimi sikumwomba asome alichoandika.

Sikumsamehe siku ile, wala sikumsamehe juzi kule Boko, na Rehema aniache nilivyo. Jumamosi nilikuja kazini ingawa haikuwa zamu yangu. Nilifagia mbele ya banda mahali palipokuwa pameshafagiwa. Ndege iliruka, ikazunguka upande wa bahari, ikakaa huko muda ambao sijui kuupima, ikarudi. Hakuna aliyenijulisha chochote, na hapakuwa na sababu ya kunijulisha. Nilisimama pale nikahesabu watu wanavyoshuka ngazi. Shabani alikuwa wa mwisho, akishikilia kwa mkono wa kushoto. Nilihesabu saba, nikaendelea kufagia.